Kaka alikwenda kulinda amani Kongo, ameacha binti mjini Beni. Sisi wa Tanga tunamwitaje?

BintiNgamiani (mleta uzi)

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo.

Hili nimekaa nalo tangu mwaka jana. Naomba msome hadi mwisho ndipo mjibu.

Kaka yangu alikuwa askari. Alikwenda Kongo, Kivu ya Kaskazini, na vikosi vya Umoja wa Mataifa vya kulinda amani, hao wanaoitwa Monusco. Akarudi mzima, akanunua kiwanja Pongwe, akajenga. Mwaka jana figo zilimshinda. Tukamzika, tukaanua matanga, wifi yangu akaingia eda. Simu yake ikabaki kwangu kwa sababu mie ndiye niliyemuuguza.

Siku moja nikaichaji nitoe picha zake. Kuiwasha tu, ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, namba ya Kongo, inaanza na 243. Zote sauti. Nikabonyeza ya mwisho. Mtoto wa kike, anaongea Kiswahili cha kule taratibu kama anayesoma kitabuni: "Baba, jambo. Njo miye. Ku masomo banaanza tena kuniitaka Monusco. Mama anasema tukuache, lakini nilisema nitajaribu mara moja tena."

Chini yake picha. Shati jeupe, sketi ya buluu, amesimama kwenye ukuta wa udongo. Sikio lake la kushoto limekunjika juu. Baba yetu alikuwa hivyo, marehemu kaka alikuwa hivyo, na mie ninapoandika hapa naligusa langu.

Na jina. Mtoto amepewa jina la mama yetu mzazi. Sitaliandika, ila ni jina la kizee la mwambao, hata hapa Tanga siku hizi hawapewi watoto. Nani Beni atalijua jina lile kama hakuambiwa na mtu wa nyumba yetu?

Nikapeleka kwa wakubwa. Kaka mkubwa akasema nifute namba, nisichokoze nyuki, mirathi haijafungwa na wifi ana watoto watatu. Mjomba akasema mtoto wa nje hana kwao. Wote wakakubaliana juu ya jambo moja: mama asiambiwe, presha itampanda.

Sijafuta. Niliandika tu, "Pole mwanangu, baba yako amefariki, mie ni shangazi yako." Tangu hapo kila Ijumaa ananisalimia. Hajawahi kuniomba hata shilingi.

Nauliza: huyu mtoto ni nani kwetu? Na kuna mwenye ndugu wa namna hii Kongo, Darfur au kokote walikokwenda vijana wetu?

Mtu wa Muheza

Pole sana dada kwa msiba. Ila kuwa makini. Matapeli wa simu wana picha na wana sauti. Pima DNA kwanza, shangazi utakuja baadaye.

Bi Makorora

Tapeli gani anakaa miezi yote hii anasalimia Ijumaa bila kuomba hela? Dada endelea, nakusoma.

Askari Mstaafu

Nimesita kabla ya kuandika, kwa sababu nguo hiyo nimeivaa miaka mingi. Sikwenda Kongo, nilikwenda Darfur, kule Sudan.

Kwanza niseme la heshima. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, kikaundwa kikosi maalumu cha kujibu mashambulizi, askari wakitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Vijana wetu waliwasaidia Wakongo kuwaondoa waasi wa M23 mwaka ule. Desemba 7, 2017, kambi ya vijana wetu ya Semuliki ilivamiwa, wakafa 14. Wapo vijana wangu wa kikosini waliowazika wenzao. Nisingependa mtu asome uzi huu akadhani kila aliyekwenda kule alikwenda kutafuta wanawake.

La pili ni kwamba dada anachosema kipo, na sisi tunakijua. Kabla ya kuondoka tunafundishwa. Tangu mwaka 2003 kanuni za Umoja wa Mataifa zinasema wazi: marufuku kabisa kulala na aliye chini ya miaka 18, hata ukidai hukujua umri wake. Marufuku kutoa hela, kazi, chakula au ahadi kwa ajili hiyo. Hata uhusiano na mtu mzima tunaaswa vikali tuuepuke, kwa sababu wewe una bunduki na biskuti, na yeye ana njaa.

Sasa tofauti yetu na wengine. Askari wa Uruguay au wa India akifika Kivu haelewani na mtu bila mkalimani. Kijana wa Tanga anafika, anasikia "jambo," anajibu, anacheka na mama muuza mandazi kwenye uzio wa kambi, kesho anaitwa shemeji. Lugha ilitusaidia sana kazini, wenyeji walituambia mambo wasiyowaambia wengine. Lugha hiyohiyo ndiyo iliyofanya ahadi ziaminike. Mtu akikuahidi kwa lugha yako, tena lafudhi ya redioni, utamwona wa kwenu.

Zamu ikiisha anapanda ndege, namba inabadilika. Kuna waliorudi na siri hiyo hadi leo, wapo kwenye baraza hizi tunazokaa.

Kijana wa Usagara

Kuongezea kwa mzee. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa wenyewe ulitangaza tuhuma dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa kijiji cha Mavivi, karibu na Beni hiyohiyo, na madai ya ubaba yalikuwamo. Na Juni 2023 kikosi chetu cha askari 60 kiliondolewa Jamhuri ya Afrika ya Kati, 11 kati yao wakituhumiwa kuwadhulumu wanawake kingono.

Si sisi pekee. Haiti walikaa askari wa mataifa mengi kuanzia 2004 hadi 2017, watoto walioachwa wanaitwa "petit Minustah", kwa jina la jeshi lenyewe. Watafiti waliohoji watu wapatao 2,500 kule mwaka 2017 walipata simulizi 265 zilizotaja watoto hao. Liberia kuna watoto wanaoitwa wa ECOMOG, jeshi la nchi za Afrika Magharibi lililokuwa kule. Mwaka 2018 watafiti walikwenda Kongo pia, Beni ikiwamo, na nchi za akina baba zilizotajwa zaidi ni Tanzania na Afrika Kusini.

Angalieni hayo majina. Minustah, Ecomog, Monusco. Mtoto anaitwa jina la jeshi kwa sababu mtu aliyepaswa kumpa jina hayupo.

Kipepeo77

Mie nitasema ukweli hata kama unauma. Wale wanawake walijua wanachofanya. Ni biashara, wamelipwa, imekwisha. Kwa nini familia ya marehemu ibebe?

BintiNgamiani

Kipepeo77, nimesoma ulichoandika, nimekaa dakika kumi kabla ya kujibu ili nisikuvunjie heshima.

Nimezungumza na mama wa mtoto. Alikuwa anauza mkaa na viazi vya kuchemsha. Vijiji vya kwao vilichomwa, wakakimbilia mjini, baba yake aliuawa njiani. Kaka yangu alikuwa anamnunulia viazi, baadaye akampangia chumba. Alikwenda hadi kwa wajomba zake akakaa kwenye kiti, akala chakula chao, akaahidi mahari. Yule dada hakujua kama kaka ana mke Tanga. Kaka aliondoka mimba ina miezi mitano, akaacha dola hamsini na shuka.

Na hata angekuwa amelipwa kila siku, mtoto amelipwa nini?

MamaKivu

Dada, mimi ni wa kule, nimeolewa hapa Tanga mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimelia.

Watu wa hapa mnafikiri taabu yake ni ada ya shule. Ada ni taabu, ndiyo, lakini iko kubwa zaidi. Kule kwetu Beni na Butembo mtoto ni wa ukoo wa baba. Shamba linatoka kwa baba. Akiolewa, wanaokaa kupokea mahari ni ndugu wa baba. Akifa, wanauliza anazikwa na wa wapi. Mahari ya kwetu ni mbuzi, na ule mbuzi ndio unasema mbele ya watu: huyu mtoto ana baba. Kaka yako aliahidi, hakutoa. Kwa hiyo binti anakaa kwa wajomba kama mgeni. Wakigombana juu ya shamba, mtu wa kwanza kuambiwa "rudi kwenu" ni yeye. Na kwao anakuhesabu wewe, usiyejulikana.

Na mama yake naye amebeba. Wanamwita mke wa Monusco. Mwanaume wa pili akija anasema nakuchukua wewe, mtoto umwache kwa nyanya. Naijua hiyo, dada yangu amepita humo, wa kwake baba yake alikuwa wa nchi nyingine.

Watoto wa wazungu na wa Wahindi wanajulikana kwa ngozi, wanachekwa tangu wakiwa mgongoni. Wa Watanzania wanafanana na sisi, hakuna anayejua mpaka mama mmoja aseme sokoni. Siku hiyo mtoto anarudi nyumbani na jina jipya.

Sheria ya Kongo ya 2004 inampa uraia kwa mama yake, kwa hiyo nchi anayo. Ukoo ndio hana.

Mtu wa Muheza

MamaKivu umenifungua macho. Nafuta kauli yangu ya kwanza kuhusu utapeli, ila la DNA nabaki nalo, kwa faida ya mtoto mwenyewe.

Sheria Chumbageni

Niingie hapo kwenye DNA na sheria, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Umoja wa Mataifa haulipi matunzo ya mtoto. Msimamo wao ni kwamba baba ndiye mdaiwa, na askari anashitakiwa na nchi yake tu, mahakama ya Kongo haimgusi. Wao wanapokea malalamiko, wanaweza kusaidia kuchukua sampuli na kuzipeleka kwa serikali ya askari. Upo mfuko wa kusaidia waathirika tangu 2016, lakini huo unalipia miradi, ushauri, mafunzo ya kazi. Ada ya mtoto mmojammoja inarudi kwa baba. Mama wa Beni amfuate baba Tanga kwa nauli ipi? Hapo ndipo madai mengi yanapofia.

Sasa upande wetu. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa sababu mbalimbali, na mojawapo ni kuzaliwa kwake. Kifungu cha 6 kinasema mtoto asinyimwe jina, uraia, na haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ukoo wake. Dada soma tena hapo: na ukoo wake. Wakubwa zako wanapokuambia ufute namba, wanakuambia uvunje kifungu hicho.

Ombi la kuthibitisha mzazi linaweza kupelekwa mahakamani hata kama mzazi amefariki, ila ndani ya miaka mitatu tangu kifo. Kaka yako amefariki mwaka jana, muda upo lakini hausubiri. Kipimo kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na huendi mwenyewe kama unakwenda kupima malaria, unapitia mahakama, afisa ustawi wa jamii au wakili. Kwa kuwa baba hayupo, mama yake mzazi, yaani bibi wa mtoto, ndiye sampuli yake inayosaidia sana. Huyo mnayemficha ndiye mnayemhitaji.

Bi Makorora

Allahu Akbar. Mwambieni mama.

Kipepeo77

Dada, nimesoma majibu yako na ya MamaKivu. Niliandika kwa hasira, yapo yaliyonipata mie nyumbani kwangu. Niwie radhi.

Ustadh Duga

Nimeitwa pembeni na watu wawili nije niseme la dini. Nitasema kwa uangalifu.

Kama hakukuwa na nikaha, mafakihi wa madhehebu yetu wanasema mtoto ananasibishwa na mama yake, na harithi kwa baba. Hilo sitalificha ili niwafurahishe watu. Lakini naona ndugu wa marehemu wamelichukua neno hilo wakalifanya kisu, na dini haikuwapa kisu.

Harithi si sawa na hana haki ya wema. Dhambi ni ya waliofanya, mtoto hana hata chembe. Surat An-Nisaa aya ya 8 inatuamrisha: wakati wa kugawa urithi wakihudhuria jamaa, mayatima na maskini, wapewe kitu katika mali ile na waambiwe maneno mema. Huyu mtoto amehudhuria, kwa simu. Ni yatima wa damu yenu, hata kama kitabu cha mirathi hakimtaji. Na kila mrithi akishapewa fungu lake, ni mali yake, anaweza kumpa binti huyo kiasi atakacho, hakuna wa kumzuia.

Wifi naye asisahauliwe. Amefiwa, yuko kwenye eda, na sasa anaambiwa mumewe alikuwa na mwingine. Msimwendee na simu mkononi kama mnakwenda kumshitaki. Amalize eda yake, aendewe na mtu mzima mwanamke, kwa upole.

MzeeMkonge

Nina miaka 68. Nimesoma majibu yote kwa miwani na kijana wangu ndiye ananiandikia.

Mimi nilizaliwa kwenye shamba la mkonge, sitalitaja. Baba yangu alikuwa Mgiriki, msimamizi. Mama alikuwa mpishi wake. Tanga hii ilijaa watoto kama mimi, tukiitwa machotara, na majina mengine siyarudii. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967 yeye alifunga sanduku. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka gari, nakumbuka vumbi, na mama amesimama na ufunguo wa jiko ambao hakuna aliyekumbuka kuuchukua.

Nilikwenda skuli, nikafanya kazi bandarini, nimeoa, nina wajukuu. Sikufa njaa. Lakini kwenye kila fomu, penye jina la baba, niliandika jina la mjomba. Siku ya harusi yangu shekhe aliuliza, bin nani? Mjomba alijibu haraka ili nisiaibike, na ile haraka yake naisikia mpaka leo.

Nilipofika miaka arobaini mtu mmoja alinipa anwani ya huko Ugiriki. Nikatafuta wa kuniandikia barua. Niliwaambia sitaki mali, nataka picha yake moja na jina la baba yake, nijue mimi ni wa nani kwa nani. Nilituma barua mbili. Hawakujibu.

Binti wa Ngamiani, wewe una majina hayo kichwani. Mtoto anakusalimia kila Ijumaa, na wewe una majina yote.

Askari Mstaafu

Mzee shikamoo. Nimeisoma mara tatu.

MamaKivu

Shikamoo za watoto wetu zote kwako baba.

BintiNgamiani

Wanajukwaa, nilipotea siku kumi na moja. Narudi na taarifa.

Baada ya kumsoma MzeeMkonge sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikapima presha yake kwanza, ilikuwa sawa, nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia, mama, una somo yako.

Akasema, "Somo yangu? Jina hili nani kampa mtoto siku hizi?"

Nikamwambia nani, na wapi. Hakulia. Aliendelea kuchambua mchele, wala sidhani kama alikuwa anauona. Halafu akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia. Akasema, "Miezi yote hii mtoto ana jina langu, na mie nimenyamazishwa kwenye nyumba yangu mwenyewe." Hapo ndipo nililia mie.

Jioni akamwita kaka mkubwa. Sitaeleza yote yaliyosemwa. Hajakubali, lakini ameacha kuniambia nifute namba. Wifi bado yuko eda, shangazi yetu wa Mabawa ndiye atakayekwenda kwake ikiisha, kama Ustadh alivyoshauri. Wiki ijayo mie na mama tuna miadi na afisa ustawi wa jamii, na mama amesema mate yake atayatoa, hata damu wakitaka. Kuhusu mbuzi, MamaKivu nimekutafuta faraghani, nataka kujua wanapelekwaje kwa wajomba na nani anasimama kwa niaba yetu.

Ustadh, nilichofanya Ijumaa iliyopita najua kina mpaka wake, na sikudai zaidi ya hapo. Ila majina ya wazee si shamba, hayapungui yakitajwa.

Tulimpigia kwa picha. Mtandao wa kule ulikuwa unakatika. Mtoto alipomwona mama alinyamaza, akajifunika uso na mkono, halafu akatoa jicho moja. Mama akamwambia, "Somo yangu, sogeza sikio nilione." Akasogeza. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha mama akaanza kumtajia. Jina la baba yake, jina la babu yake, la baba wa babu aliyetoka Pangani, la baba yake huyo aliyekuwa fundi wa madau, na la bibi aliyezikwa Moa. Majina matano, kama tulivyofundishwa sisi tukiwa wadogo, bila kusita.

Mtoto akasema, "Nyanya, ngoja." Akaondoka kwenye kioo. Tukabaki tunautazama ule ukuta wa udongo. Akarudi na daftari na kalamu, akapiga magoti, akasema, "Rudia polepole. Niko naandika."